Kiti Kinachouliza "Uko?"

Saa tatu na robo asubuhi, umande ndio kwanza unaanza kuachia nyasi za uwanja wa Klabu ya Mijakaranda, upande wa Nakuru unaoelekea Njoro. Celestine Akoth hawezi kuanza kazi kabla haujakauka. Nyasi yenye umande hulala chini ya kisu, ikajifanya imekatika, kisha mtu akishapita huinuka tena. Kwa hiyo anangoja, na anapongoja anaifuta mashine kwa kitambaa, polepole, kama anayemfuta mtoto uso.

Ni mashine ya kupanda, si ya kusukuma. Ina usukani, magurudumu manne na kiti kimoja cheusi, na chini ya tumbo lake kuna visu vitatu. Wafanyakazi wa klabu huiita Kobe.

Anapanda. Anawasha. Injini inanguruma vizuri, haikohoi. Anavuta kitufe cha manjano kilicho karibu na goti lake la kulia, kile kinachoamuru visu vizunguke. Kinatokea kilekile kilichotokea jana na juzi: hakuna kitu. Kobe ananguruma, lakini tumbo lake limenyamaza.

"Imekukataa tena!" anapaza sauti Kiprugut, bawabu wa klabu, kutoka langoni. "Si nilikwambia, mathe? Hiyo mashine inajua bwana yake."

Celestine anazima, anashuka, anapiga magoti kwenye nyasi na kuchungulia chini.

Mzaha wa Kiprugut usingemuuma kama usingekuwa na ukweli ndani yake. Jana yake, Jumanne, bawabu huyo alikuja akaketi kwenye kiti kwa utani tu, akavuta kitufe, na visu vikazunguka papo hapo hadi vijiwe vikaruka. Aliposhuka na Celestine kupanda, kimya. Akapanda Kiprugut tena, visu vikaimba. Wapishi wawili waliokuwa wakimenya viazi mlangoni pa jikoni waliona yote, na kufikia saa ya chai klabu nzima ilikuwa inajua kwamba Kobe hataki mwanamke.

"Nilicheka nao," anasema Celestine, kwa sauti ya chini inayomlazimu msikilizaji kusogea. "Ukikasirika watu wanaona ni kweli."

Ana umri wa miaka ishirini na sita, mwembamba, na ana tabia ya kutazama mikono yake anapozungumza. Alizaliwa hapa Nakuru. Babu yake alitoka Nyanza kuja kufanya kazi ya reli, na familia haikurudi tena. Yeye mwenyewe aliacha shule akiwa darasa la sita, mwaka ambao baba yake alifariki na mama yake akaanza kuuza samaki sokoni.

"Hakuna mtu aliyenifukuza," anasimulia. "Siku moja nilibaki nyumbani kumshika mtoto wa shangazi. Siku iliyofuata pia. Siku ya tatu nikaona haya kurudi, maana mwalimu angeniuliza nilikuwa wapi. Basi haya ndiyo iliyonitoa shule."

Alikuja klabuni miaka minne iliyopita kama kibarua wa kufyeka. Kazi yake ilikuwa kushika slasha na kukata pale ambapo Kobe hakuweza kufika: kando ya ua, chini ya mijakaranda, kwenye kingo za mtaro. Alilipwa shilingi mia moja na themanini kwa siku, na zile siku ambazo hakuitwa hakulipwa.

Dereva wa Kobe wakati huo alikuwa Mzee Obura. Aliiendesha mashine hiyo miaka kumi na minne. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa, mcheshi, na alitembea akichechemea. Saa ya chakula, wengine walipolala kivulini, alimwita Celestine na kumfungulia mashine.

"Alikuwa haniiti kwa jina. Alikuwa ananiita nyara, yaani binti yangu kwa Kijaluo. Alikuwa hajui kusoma, kwa hivyo kila kitu alikifundisha kwa hadithi. Huu mkanda ni mkokoteni. Hii fyuzi ni mama mkwe, akikasirika nyumba yote inazima."

Na kiti? Celestine anatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

"Alisema kiti si cha kukalia tu. Kiti kinauliza, 'Uko?' Ukikaa, umejibu, 'Niko.' Ukiinuka, hakikusikii tena, kinazima visu. Alisema, 'Nyara, usijibu kwa mdomo. Hiki kinasikiliza makalio.'"

Chini ya kiti, anaeleza, kuna swichi ndogo yenye chuchu. Uzito wa dereva unaibonyeza, umeme unapita kwenda kwenye visu. Dereva akianguka au akishuka, chuchu inainuka, umeme unakatika.

Mzee Obura hakuwa anafundisha hilo kwa kusikia. Kabla ya kuja Nakuru alifanya kazi kwenye shamba moja la maua. Mashine ya huko ilikuwa imeharibika swichi, na fundi akaunganisha waya moja kwa moja ili kazi isilale. Siku moja Obura alishuka kuondoa tawi lililokwama. Visu vilikuwa bado vinazunguka. Mguu wake wa kushoto una vidole vitatu.

Siku moja kabla ya Krismasi ya mwaka jana, mzee huyo aliketi kwenye ngazi za jengo la klabu na kumwacha Celestine akate nusu ya uwanja peke yake. Alikata hadi jioni, mistari minyoofu kama ya daftari. Kobe hakumkataa.

Wiki moja baadaye Nakuru haikuwa Nakuru tena.

Januari, wakati nyumba zinaungua mitaani kwa ghasia za baada ya uchaguzi, katibu wa klabu, Dhirajlal, aliagiza lango lifunguliwe. Watu hamsini na kitu walilala kwenye vyumba vya kubadilishia nguo na kwenye stoo: wafanyakazi, majirani, na wengine ambao hawakujulikana na yeyote. Kila asubuhi, kabla ya uji, Kiprugut alisimama na orodha na kuita majina.

"Alikuwa anaita jina, kisha anasema, 'Uko?'" anakumbuka Celestine. "Na wewe unajibu, 'Niko.' Kuna asubuhi jina liliitwa mara tatu, hakuna aliyejibu. Kiprugut alikuwa hafuti. Aliweka alama ya kuuliza."

Asubuhi moja jina lisilojibiwa lilikuwa la Obura. Usiku alikuwa amepata nafasi kwenye lori la kwenda Siaya. Nyumba yake ya mtaa wa Kaptembwo ilikuwa majivu.

Tangu hapo kiti cha Kobe kilikaa bila mtu. Watu waliondoka mmoja mmoja hadi mwezi wa Mei, mvua ndefu zikanyesha, nyasi zikafika magotini. Mwezi huu wa Agosti kamati imeamua kwamba michezo irudi. Jumamosi timu kutoka Nairobi inakuja kucheza kriketi, mechi ya kwanza tangu Desemba.

Dhirajlal ana umri wa miaka sitini na mitatu na anauza vifaa vya ujenzi mjini. Klabuni anajulikana kwa jambo moja: faili. Ukitaka ufagio mpya, andika barua. Ukivunja kikombe, barua. Hata mbwa wa lango ana faili lake, limeandikwa tarehe ya sindano ya kichaa cha mbwa.

"Klabu bila faili ni soko," anasema akiinua mabega. "Mimi sina neno mbaya na Celestine. Mzee Obura alisema huyu anaweza, nikampa wiki mbili za kujaribu. Lakini nyasi haijui huruma. Ikifika Ijumaa saa nne visu havizunguki, mimi naita trekta ya Mau Narok."

Kila mfanyakazi anajua maana yake. Mwenye trekta huyo hakubali kazi ya siku moja. Anataka mkataba wa mwaka, na anakuja na dereva wake. Kobe angeuzwa. Kazi ya udereva, ya mshahara wa shilingi elfu saba kwa mwezi na kadi ya hospitali, ingeondoka pamoja naye, na Celestine angerudi kwenye slasha yake na siku za kuitwa na kutoitwa.

Kadi hiyo ya hospitali ndiyo inayomkosesha usingizi. Mama yake ana kisukari. Wanaishi wawili kwenye chumba kimoja mtaani Rhonda, baada ya kuhama mara tatu tangu Januari.

Jumatano hiyo hakukata tamaa. Aliikagua mashine kama alivyofundishwa, akianzia mbali na kusogea karibu.

Mkanda ulikuwa mzima na umekaza. Fyuzi ilikuwa nzima. Akachukua kifaa ambacho Obura alikuwa amemwachia: balbu ndogo ya taa ya pikipiki yenye nyaya mbili. Injini ikiwa imezimwa na ufunguo umewashwa, aligusa waya mmoja baada ya mwingine. Pale balbu inapowaka, umeme umefika. Pale inapolala, umeme umekufa njiani.

Kwenye kitufe cha manjano iliwaka. Kwenye waya unaoingia chini ya kiti iliwaka. Kwenye waya unaotoka chini ya kiti kwenda kwenye visu ililala.

"Boss," alimwita Kiprugut. "Njoo ukae."

"Umekubali sasa kwamba mimi ni fundi?"

"Kaa tu."

Kiprugut aliketi. Balbu ikawaka. Akainuka, ikalala. Akaketi Celestine mwenyewe, akinyoosha mkono hadi chini kugusa waya. Ikabaki imelala.

Walikwenda jikoni kwenye mizani ya magunia ya viazi. Kiprugut alikuwa kilo themanini na nane. Celestine alikuwa arobaini na tisa.

"Kumbe si kwamba haitaki mwanamke," alisema Kiprugut, akicheka hadi akashika tumbo. "Haitaki mtu mwepesi! Hiyo ni kama serikali. Inasikia wazito peke yake."

Hata wapishi walicheka. Kiprugut, ambaye si mtu mbaya, alikuja na dawa: mawe mawili makubwa juu ya kiti, nyuma ya mgongo wake, yafungwe kwa kamba.

"Jiwe likibaki kitini na mimi nimeanguka," Celestine alimjibu, "mashine itadhani jiwe ndilo mimi."

Hapo Kiprugut hakucheka.

Lakini wakati wengine wanazungumza uzito, Celestine alikuwa anawaza jambo jingine. Desemba Kobe alimsikia. Ni kweli amepungua tangu wakati huo, lakini hakupungua kiasi cha kupotea. Kulikuwa na kitu kati yake na ile swichi, kitu kinachopindika chini ya kilo themanini na nane na kisichopindika chini ya arobaini na tisa. Na hakuhitaji balbu kukijua.

Alikuwa amekiweka yeye.

Wiki ya tatu ya Januari, mpishi mmoja wa klabu aitwaye Wangui alijifungua mtoto wa kike stooni, kwenye sakafu ya saruji, katikati ya nyavu na vijiti vya kriketi. Usiku wa Nakuru mwezi huo ulikuwa na baridi kali, na magodoro yote yalikuwa na wazee. Kobe alikuwa amesimama hapohapo stooni. Celestine alichukua kisu cha jikoni, akapasua ngozi ya kiti upande wa nyuma, akatoa sponji yote. Mtoto alilala juu yake.

"Hakuna aliyeniambia nifanye, na hakuna aliyeniona isipokuwa Wangui," anasema. "Watu walipomwona mtoto na kile kigodoro cheusi cheusi chenye harufu ya mafuta, wakamwita Kamashini. Hadi leo ndilo jina lake. Hawakujua kwa nini linamfaa."

Wangui alipoondoka mwezi wa Aprili kwenda kwa dada yake Elburgon, alimfunga mtoto mgongoni na sponji akaibeba kichwani. Celestine hakuwa na uso wa kumwomba airudishe. Badala yake Wangui alimtumia kwa lori la mbao gunia dogo la maranda, kwa sababu Elburgon, mji wa viwanda vya mbao, maranda ni bure. Celestine alikijaza kiti kwa maranda hayo. Na ili yasimwagike kupitia tundu la chini, aliziba tundu hilo kwa kipande cha plaiwudi. Kisha akashona ngozi kwa uzi wa gunia, na hakumwambia mtu.

Tundu lile halikuwa uharibifu. Ndimo chuchu ya swichi inamotokeza kumsikiliza dereva.

"Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako," anasema. "Mimi changu nilikuwa nimekikalia."

Alhamisi asubuhi Dhirajlal alifika na fundi kutoka mjini, kijana mchangamfu aitwaye Thuo, mwenye sanduku la vifaa na sigara nyuma ya sikio. Thuo hakuchukua dakika tano kufika pale Celestine alipofika kwa siku mbili.

"Niaje, sista. Ni switch ya kiti. Hiyo si shida. Tunairuka tu. Naunganisha hii waya na hii, dakika mbili, mashine inaamka kama mpya."

"Itakata mpaka Jumamosi?" aliuliza Dhirajlal.

"Mzee, itakata mpaka urudi kwa Mungu. Hizi zote za mashamba tunaziruka. Hakuna mtu anatumia hiyo kitu."

Dhirajlal alitazama saa yake. "Basi fanya."

Hakuna anayeweza kumlaumu Celestine kwa alichokifikiria hapo, na yeye mwenyewe hakifichi. Waya ule ungemaliza kila kitu. Visu vingezunguka, nyasi zingekatwa, kazi ingekuwa yake, na kiti kisingefunguliwa kamwe. Lau angemzuia Thuo, angelazimika kusema shida iko wapi, na akisema iko wapi, lingefuata swali la nani aliyeiweka. Mbele ya mtu ambaye huandika barua kwa kikombe kilichovunjika.

Alisogea kando, nyuma ya mjakaranda wa kwanza, akapiga simu Siaya.

"Mzee, uko?"

"Niko, nyara. Kobe anasemaje?"

"Fundi anataka kuruka swichi ya kiti."

Upande wa pili kulikuwa na sauti ya kuku.

"Na hiyo swichi imekufa?"

"Haijafa. Imezibwa."

"Na wewe unajua imezibwa na nini?"

"Najua."

"Sasa unanipigia simu ya nini?" alisema mzee. "Unamaliza salio bure. Mimi vidole vyangu havitarudi hata ukinipigia kila siku."

Akakata.

Thuo alikuwa amekwisha kumenya ncha za nyaya mbili. Celestine alirudi, akasimama kati yake na mashine. Kiprugut, aliyekuwa akitazama kutoka langoni, anasema hajawahi kumsikia mwanamke huyo akipaza sauti, na hata siku hiyo hakupaza. Alisema tu, "Fundi, ngoja kidogo," akachukua bisibisi kutoka sandukuni bila kuomba, na kuanza kufungua kiti.

Aliponyofoa uzi wa gunia, maranda yakamwagika juu ya nyasi, mekundu, yenye harufu ya msonobari. Kisha akatoa kipande cha plaiwudi na kukiweka miguuni pa katibu.

"Nani ametia mbao ndani ya kiti?" aliuliza Dhirajlal.

"Ni mimi, mzee."

"Na sponji iko wapi?"

Alimweleza. Alieleza kwa kifupi, akitazama mikono yake: stoo, baridi, kisu cha jikoni, Wangui. Hakusema aliona huruma, na hakuomba msamaha. Alipomaliza, Thuo alikuwa ameshusha nyaya zake na anatazama kwingine.

Dhirajlal aliinama akaokota maranda kidogo, akayasugua kati ya vidole.

"Huyo mtoto," alisema. "Alilala?"

"Alilala, mzee."

"Hm." Akajipangusa mikono. "Lakini kukata kiti ya klabu bila ruhusa ni makosa. Hiyo lazima iingie kwa faili. Barua ya onyo."

"Ndiyo, mzee."

"Stoo kuna pedi za zamani za kriketi, zile za miguu. Ziko na sponji mzuri. Fundi, kata hizo, jaza kiti. Hiyo waya rudisha vile ulikuta."

Pedi mbili zilitosha. Thuo, ambaye alisema katika kazi yake yote hajawahi kushona kiti kwa pedi ya kriketi, alikataa kulipwa saa ya pili. Tundu la chini likabaki wazi, chuchu ikachungulia.

Celestine aliketi. Akawasha. Akavuta kitufe cha manjano.

Visu vikaamka chini yake kwa kishindo kilichomfanya mbwa wa lango abweke.

"Imekubali!" Kiprugut alipiga makofi. "Mathe, imekukubali!"

"Haikuwa imenikataa," alisema Celestine, sauti ikimezwa na injini. "Ilikuwa hainisikii."

Aliinuka kidogo kitini, kwa makusudi, kiasi cha kupitisha kiganja. Visu vikazima. Akaketi, akavuta kitufe tena, vikaamka. Alifanya hivyo mara tatu. Ndipo akaanza kukata.

Jioni ya Alhamisi nusu ya uwanja ilikuwa tayari. Lakini barua ya onyo haikuja, na hilo lilimtisha kuliko kama ingekuja. Alilala akidhani Dhirajlal amebadilisha mawazo na kuamua jambo kubwa zaidi.

Kumbe katibu alikuwa amekwama. Usiku ule, ofisini kwake, alifungua kitabu cha kanuni za klabu na kukuta kwamba barua ya onyo hupewa mwajiriwa peke yake. Kibarua hana faili. Asiye na faili hawezi kuonywa, kwa sababu hakuna pa kuiweka barua.

Ijumaa saa mbili asubuhi alimwita Celestine na kumpa bahasha mbili. Ya kwanza ilikuwa na tarehe ya Alhamisi: anaajiriwa kuwa dereva wa mashine, kwa mshahara wa kila mwezi na kadi ya hospitali. Ya pili ilikuwa na tarehe ya Ijumaa: anaonywa vikali kwa kuharibu kiti cha klabu, na asirudie.

Akiulizwa kuhusu hilo, Dhirajlal hatabasamu hata kidogo. "Mimi nimefuata utaratibu tu," anasema. "Huwezi kufungua faili kutoka katikati."

Celestine hubeba barua zote mbili kwenye mfuko wa nailoni, ndani ya nguo. Ya onyo ndiyo anayoionyesha kwanza. Ameisoma mara nyingi hadi mikunjo imeanza kuchanika. Hizo mbili ndizo barua za kwanza maishani mwake kuandikwa jina lake kwa mashine.

Furaha yake haijakamilika, na haifichi. Kiti hiki bado anakiita cha Mzee Obura. Alimpigia simu kumweleza, na mzee akacheka sana juu ya pedi za kriketi. Celestine alimwambia akirudi atampisha.

"Alisema, 'Kaa hapo kwanza, nyara. Nikija nitakuja kuangalia mpira.' Lakini hakusema anakuja."

Ijumaa hii saa kumi jioni, uwanja wote umekatwa, mistari inakwenda na kurudi hadi kwenye ua, nusu kijani iliyoiva, nusu kijani changa. Kesho, timu ya Nairobi ikiwa uwanjani, Wangui amesema atateremka kutoka Elburgon na Kamashini, ambaye sasa ana miezi saba na ameanza kuketi mwenyewe.

Celestine anakaa kwenye ngazi za klabu, pale alipokuwa akiketi Obura, na anatoa daftari jipya la kurasa arobaini na nane. Huu ndio mpango wake. Yote aliyoyajua mzee yalikuwa kichwani, na kichwa kikaondoka na lori usiku. Yeye ataandika. Kila shida ya Kobe na dawa yake, kwa Kiswahili cha kawaida, ili mtu mwingine atakayekuja, hata kama aliishia darasa la sita, aweze kusoma. Na mwakani, akipata ujasiri, anataka kujiandikisha masomo ya jioni ya watu wazima, amalize yale madarasa mawili ya msingi yaliyobaki.

"Safari hii mwalimu akiniuliza nilikuwa wapi," anasema, "nitamwambia."

Ukurasa wa kwanza tayari umeandikwa, kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara. Analitoa daftari kwa haya, anaangalia pembeni linaposomwa.

"Visu vikikataa kuzunguka," limeandikwa, "usianze na injini. Kwanza kaa vizuri. Labda mashine haijajua kama uko."